Ziwa Dogo Mezani

Mwanafunzi mmoja wa Keshero, katika mji wa Goma, aliona siku moja ndani ya kitabu picha ya farasi wa baharini. Huyo si farasi wa kupandwa. Ni samaki mdogo asimamaye wima majini, mwenye kichwa kama cha farasi na mkia wa kujisokota kama kamba. Kando yake palikuwa na picha ya kombe, mnyama yule akaaye kati ya magamba mawili yanayofunguka na kufungika kama kitabu, na nyama yake iling'aa buluu kama kitenge kipya. Mtoto akashikwa na shauku. Jioni akamwambia mama yake:

“Mama, nataka tuwe na bahari ndogo hapa nyumbani. Nitawaweka hawa wawili ndani ya tangi la kioo.”

Mama alikuwa ndiyo kwanza ameitua bidoni yake mlangoni, amepanda nayo kutoka ziwani. Akamjibu:

“Mwanangu, kabla hujaniletea bahari, niambie kwanza ni nani atakayeichota.”

Wapenzi wasomaji, swali hilo la mama ni kubwa kuliko lionekanavyo. Shauku ya mtoto ni njema, maana Mwenyezi Mungu ametupa macho ili tuyatazame matendo yake na kumsifu. Lakini samaki wa ziwani, maji yakiharibika mahali pamoja, huogelea akaenda pengine. Samaki aliyefungiwa ndani ya kioo hawezi kwenda popote. Maji yake, hewa yake na chakula chake vyote vimo mikononi mwetu. Anayetaka kumfuga kiumbe wa majini, basi, ajue kwamba kazi yake ya kwanza si kufuga samaki. Ni kuyatunza maji.

Bahari haitengenezwi kwa chumvi ya jikoni

Tumtazame kwanza farasi wa baharini mwenyewe. Katika pwani za Kenya na Tanzania, pamoja na visiwa vyake, hukaa penye majani ya bahari na matumbawe. Hujifunga kwa mkia katika jani asichukuliwe na mkondo, kwa kuwa si mwogeleaji hodari. Ajabu yake kubwa ni hii: jike humpa dume mayai, naye dume huyapokea katika mfuko ulio upande wa mbele wa mwili wake, akayachukua mpaka watoto wazaliwe. Kwa samaki huyu, baba ndiye achukuaye mimba.

Lakini kumlisha ni kazi ngumu. Hana kifuko cha ndani cha kuweka akiba ya chakula, kwa hiyo hupaswa kula mara nyingi kwa siku. Na chakula akipendacho ni vidudu hai vya majini, mfano wa kamba wadogo sana. Naye kombe mkubwa wa matumbawe ana desturi yake. Ndani ya nyama yake huishi mimea midogo isiyoonekana kwa macho, nayo hutengeneza chakula kwa nuru ya jua na kumgawia mwenye nyumba. Kombe wa namna hiyo akikosa nuru kali hudhoofika na kufa, hata kama maji ni safi.

Tena kuna maji yenyewe. Katika lita 1 ya maji ya bahari mna gramu 35 hivi za chumvi, wala si chumvi ya jikoni peke yake, bali mchanganyiko wa madini mengi. Mtu atiaye chumvi ya sokoni katika maji ya mvua hajapata bahari; amepata mchuzi usio na nyama. Na maji ya tangi yanapopungua kwa kugeuka mvuke, chumvi haiondoki nayo. Hubaki, na kwa siku chache maji yaliyosalia huwa makali kuliko yale ya kwanza. Watu wengi hudhani kwamba tangi dogo ni rahisi kulitunza. Sivyo. Katika maji machache kila baya huenea upesi.

Zaidi ya hayo, tangi la bahari hutaka pampu, taa kali na chombo cha kulishika joto, vyote vya umeme, usiku na mchana. Sisi wa Goma twajua jinsi umeme unavyokuja na kuondoka. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, umeme na maji ya bomba vilikatika kwa siku kadhaa, na watu wengi wakateremka ziwani kuchota. Katika siku kama zile, ni nani angeilinda pampu ya kombe?

Na iko sababu nyingine. Farasi wa baharini wengi wamevuliwa, wakakaushwa, wakauzwa Asia kwa kutengeneza dawa, na baadhi yao walitoka pwani za Kenya na Tanzania. Kwa hiyo tangu mwaka 2004 biashara yao kati ya nchi na nchi imewekwa chini ya mapatano ya mataifa yaitwayo CITES, yanayolinda viumbe wa porini. Kutoka Keshero mpaka Mombasa, hata ukipaa moja kwa moja kama ndege, ni zaidi ya kilomita 1,000. Basi na tumwache farasi wa baharini katika majani yake.

Mkono uliofanya kazi ya pampu

Je, mtu asiye na umeme hawezi kabisa kuwa na tangi la samaki? Historia yasema aweza. Mwaka 1846 Mwingereza mmoja, Bibi Anna Thynne, alichukua matumbawe hai kutoka pwani ya Torquay, akayapeleka London, mbali na bahari. Wakati ule pampu za umeme hazikuwapo. Bibi huyo alifahamu kwamba maji yasiyopata hewa huua. Basi mtumishi wake aliyachukua maji yale akayamimina toka chombo hata chombo, mbele ya dirisha lililo wazi, kwa nusu saa na zaidi. Baadaye Bibi Thynne aliongeza mimea ya bahari, nayo ikasaidia kuyatia maji hewa njema. Mnamo mwaka 1850 mtaalamu wa kemia, Robert Warington, alionyesha huko London kwamba hata katika maji yasiyo ya chumvi samaki wachache, majani ya majini na konokono waweza kusaidiana kuishi.

Tumkumbuke yule mtumishi. Bibi alikuwa na elimu na fedha, lakini matumbawe yaliishi kwa mkono wa yule aliyekuwa akimimina. Na mkono wa namna hiyo upo katika kila nyumba ya Keshero.

Ziwa letu na samaki wake

Mungu hakutupa bahari mlangoni. Ametupa Ziwa Kivu. Kina chake chafika mita 485. Huko chini kabisa maji yamejaa gesi zilizoyeyuka, yaani gesi ya kaboni na metani, wala hamna hewa ya kuvuta. Samaki wote huishi katika tabaka la juu tu. Maji hayo ya juu nayo si kama maji ya mvua: katika lita 1 mna kama gramu 1 ya chumvi za madini yatokayo katika nchi hii ya volkeno.

Samaki tumjuaye zaidi ni sambaza, ambaye wavuvi humwendea usiku kwa taa. Wengi hawajui kwamba yeye ni mgeni: aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959, akaongezeka, akawa chakula cha maelfu ya watu. Lakini sambaza hafai kwa tangi. Ni samaki wa makundi na wa maji mapana, na akishikwa kwa mkono hufa upesi.

Afaaye ni yule samaki mdogo wa kando, wa jamii iitwayo haplokromi, aonekanaye kati ya mawe ya ufukweni. Katika Ziwa Kivu kuna aina zipatazo 15 za jamii hiyo, nazo hazipatikani katika maziwa mengine makubwa. Wataalamu husafiri kutoka mbali kuja kuwatazama samaki ambao watoto wa Keshero huwaruka kila siku wanapoosha miguu.

Jinsi ya kulitengeneza tangi

Fundi wa vioo aweza kuunganisha tangi kwa gundi ya silikoni. Lenye urefu wa sentimita 60, upana wa 30 na kimo cha 35 huchukua lita 60 hivi, yaani bidoni 3 za lita 20. Tangi hilo likijaa huwa na uzito wa zaidi ya kilo 60, kwa hiyo liwekwe juu ya meza imara, si juu ya kijiti cha kuyumba. Lisiwekwe juani, maana maji yatageuka kijani na kupata joto. Wala lisiwe penye upepo wa usiku.

Ndani tieni changarawe na mawe meusi ya hapa kwetu, yaliyooshwa sana kwa maji bila sabuni. Ondoeni mawe yenye makali. Mawe na yapangwe ili yafanye mapango, kwa sababu dume la haplokromi ni mgomvi, na mnyonge hutaka mahali pa kujificha. Tieni pia majani ya majini kutoka ziwani, yakiwa yameoshwa vizuri. Konokono msiwachukue, kwa kuwa wako konokono wa majini wanaobeba ugonjwa wa kichocho.

Sasa lasikieni jambo ambalo wengi hawalijui, nalo huua samaki wengi kuliko njaa. Mavi ya samaki na mabaki ya chakula hutoa sumu ndani ya maji. Ziwani kuna vijidudu visivyoonekana ambavyo huila sumu hiyo na kuigeuza kuwa kitu kisichodhuru sana. Katika tangi jipya vijidudu hivyo bado ni vichache, na huchukua majuma 4 mpaka 6 kuongezeka juu ya mawe na changarawe. Kwa hiyo anzeni na samaki 1 au 2 tu. Baada ya mwezi mwaweza kufikia dume 1 na majike 2 au 3, msizidishe. Anayejaza tangi siku ya kwanza atalitoa tupu siku ya kumi.

Chakula ni sambaza mkavu aliyesagwa laini, au viluwiluwi vya mbu. Wapewe mara 1 kwa siku, kadiri wanavyoweza kumaliza kwa dakika chache. Asubuhi na jioni chukueni kopo, mteke maji ya tangi na kuyamimina tena kutoka juu kidogo, polepole, mara nyingi. Hiyo ndiyo pampu yetu. Kila juma toeni kama robo ya maji na kutia mapya. Yale yanayotolewa msiyatupe; yamwagieni lengalenga na vitunguu, kwa kuwa yana mbolea.

Maji ya samaki na maji ya watu

Mtoto yule wa Keshero alimwuliza mwalimu wake, akayajua mengi ya hayo. Alipata tangi lake, akaomba kwa wavuvi samaki 3, akajaza maji. Asubuhi ya pili aliwakuta wote wanaelea juu, matumbo yakitazama dari. Akalia, akasema ya kuwa samaki walikuwa wagonjwa.

Mama yake akamwuliza: “Maji uliyatoa wapi?”

“Katika bidoni yako, Mama, ile ya kunywa.”

Hapo mama akafahamu. Kando ya ziwa wako wafanyakazi wanaotia dawa ya klorini katika bidoni za watu kabla hazijapandishwa majumbani, na maji ya bomba pia hutiwa dawa hiyo. Klorini huua vijidudu vya kipindupindu, nayo imeokoa watu wengi mjini mwetu. Lakini huchoma mashavu ya samaki, mahali anapopatia hewa, na kuvifuta vijidudu vyema vya tangi.

“Dawa hii si mbaya,” mama akamwambia. “Inakulinda wewe. Wewe ndiwe uliyeipeleka mahali pasipo pake. Tena, mwanangu, umemwaga lita 60 nilizozipandisha kwa mgongo wangu.”

Mtoto hakuwa na jibu. Tangu siku ile nyumba yao ina sheria tatu, nasi twazipendekeza kwa kila nyumba.

Kwanza, maji ya samaki huchotwa kabla ya dawa, na maji ya watu baada ya dawa. Bidoni ya samaki hufungwa kitambaa chekundu shingoni, ili asiwepo mdogo wa kunywa kwa bahati mbaya maji yasiyo salama. Kukosea upande huu ni hatari kuliko kukosea upande ule.

Pili, asitumie mtu maji ya mvua kwa samaki wa Kivu. Moshi wa Nyiragongo hutia ukali katika mvua yetu, nao samaki hawa wamezoea maji yenye madini. Asiye na njia nyingine ila maji ya bomba ayaache katika ndoo wazi kwa siku nzima, klorini itoke.

Tatu, mwenye samaki ndiye achotaye. Na kabla hajaipandisha bidoni yake, aipandishe kwanza ya jikoni.

Mahali pa kujihadhari

Wazazi, msiwaache watoto kwenda peke yao kutafuta samaki. Ufuko wetu huteremka ghafula, na maji yawa marefu hatua chache tu kutoka ukingoni. Na upande huu wa magharibi wa Goma kuna mazuku. Ni gesi ya kaboni itokayo ardhini, nzito kuliko hewa, isiyoonekana kwa macho, nayo hujikusanya katika mabonde madogo, hasa usiku na alfajiri pasipo upepo. Mkiona shimo lenye wadudu au ndege waliokufa, msiingie, wala msimpeleke mbuzi huko. Yeye aingiaye kumwokoa mwenzake huanguka kando yake.

Wala msitumie chandarua cha mbu kwa kuvulia. Huzoa hata watoto wa samaki ambao kesho wangekuwa chakula, na usiku mtoto wenu hulala bila kinga. Samaki 3 au 4 wachukuliwe kwa kikapu, au waombwe kwa mvuvi. Na siku mtakapochoka kuwafuga, warudisheni pale pale walipotoka, kama ni wazima. Samaki aliyetoka ziwa jingine au sokoni asitupwe Kivu kamwe. Sambaza alipoletwa alikula wadudu wa majini mpaka aina moja kubwa kati yao ikatoweka. Tulipata chakula, nasi twashukuru. Lakini mgeni akishaingia ziwani hakuna awezaye kumwita arudi.

Mama asiyekula

Baada ya miezi mitatu mtoto alimwita mama yake kwa sauti kubwa. Jike mmoja alikuwa amevimba chini ya taya, na hakutaka kula.

“Naye atakufa,” mtoto akasema.

Lakini hakufa. Jike la haplokromi, likiisha kutaga, huyaokota mayai yake kwa kinywa. Dume lina madoa ya manjano katika pezi la chini, yanayofanana na mayai. Jike hulifuata pezi hilo, na hapo mayai yaliyomo kinywani hupata mbegu ya dume. Kisha jike hukifunga kinywa. Kwa majuma 2 au 3 huyapindua mayai ndani ya kinywa, huyapitishia maji mapya, naye mwenyewe hukaa karibu bila chakula. Watoto wakitoka, huwachunga. Na hatari ikitokea hukifungua kinywa, nao hukimbilia humo wote.

Mtoto alikuwa ametamani kumwona baba wa baharini achukuaye watoto wake. Sasa amwona mama wa ziwani, aliyekuwa akiishi chini ya mawe ya Keshero miaka yote. Mungu aliweka upendo huo katika bahari na katika ziwa, kwa baba huku na kwa mama huku, asimwachie mmoja peke yake. Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, alitukumbusha kwamba dunia ni nyumba yetu sote, na kwamba maji safi ni haki ya kila mtu. Aliyejifunza kuyatunza maji ya samaki wanne amekwisha anza kujifunza kutolitupia ziwa taka, wala kulichafua mahali ambapo mama wa mwingine atachota.

Usiku ule umeme haukuwapo. Mtoto alipoamka aliona mwanga mezani. Mama yake alikuwa amekaa mbele ya tangi na taa ndogo, akimtazama yule jike aliyekifunga kinywa chake. Kopo la kumiminia lilikuwa mkononi mwake.

“Lala,” akamwambia. “Zamu hii ni yangu.”